Bomba Chini ya Aqal ya Hooyo

Galbet, Garissa
3 Februari 2025

Abowe Kerrow,

Assalamu alaykum warahmatullah, wewe na wifi yangu Saado na mbuzi wako wote, maana najua mbuzi wasiposalimiwa hutasoma mbele. Sisi tu wazima, alhamdulillah. Joto tu ndilo linatumaliza. Hamdi wangu amepata kazi kwenye ofisi moja hapa mjini, asubuhi anatoka amejipaka manukato mpaka mtaa mzima unajua binti wa Rukiyo ameenda kazini. Jirani yetu Hani anakusalimu sana, anasema umemsahau.

Naandika kwa sababu simu na masikio yako hayaelewani. Na naandika Kiswahili, usinicheke. Kisomali tulikinyonya, lakini kukiandika nani alitufundisha? Mwalimu alitupa Kiswahili na kiboko, basi hicho ndicho mkono unachokijua.

Sasa sikia balaa. Alhamisi ukuta wa bafu ulianza kutoa jasho. Nikamwita fundi Mutinda, yule Mkamba aliyekaa Garissa mpaka chai yake lazima iwe na maziwa ya ngamia. Akachimbua plasta, bomba alilolaza marehemu Aabo, baba yetu, likatokea, limejaa tope na kutu, huwezi kuona panapovuja. Nikamwambia, "Futa." Yaani chukua kitambaa, pangusa, tuone. Yeye akalishika kwa mikono miwili, akavuta! Likang'oka lote.

"Nimesema futa!" nikapiga kelele, maji yananichapa usoni.

"Si ndiyo nimevuta, mama!"

Ati kwa miaka aliyokaa na sisi ameshajua Msomali akisema futa anamaanisha vuta, kwa hiyo amezoea kututafsiria. Na mimi, Abowe, mimi niliyechapwa shuleni mpaka v ikanikaa mdomoni! Siku moja Msomali anasema f kwa sababu anataka f, nyumba inageuka mto.

Koki ya kufungia maji hakuna aliyejua iko wapi. Nikapiga simu kwako, akashika Saado, nikamsikia anakuuliza kwa sauti ya kuita swala, "Koki iko wapi?" Ukajibu mbuzi wamerudi wote. Nikakata. Nikachukua mchi wangu wa kutwangia iliki, nikauzungushia kitambaa, nikaushindilia kwenye tundu na kuuegemea kwa bega mpaka Deeq, mume wa Hani, akaipata koki nje karibu na mita, imefukiwa na mchanga. Bafu zima lilikuwa linanukia iliki.

Kumbe lile bomba lilipovutwa, kiungo cha uani nacho kiliachia huko chini ya ardhi, maji yakachomoza huko pia. Lakini tumeyaweza. Usiwe na wasiwasi.

Tangu mafuriko ya mwaka jana, tulipomzika mama yetu Hooyo na barabara ikakukatikia njiani Modogashe, hujakanyaga hapa. Njoo basi, Abowe. Bafu lina shimo lakini chai ipo.

Dada yako,
Rukiyo


Tarbaj
25 Februari 2025

Rukiyo abaayo,

Wa alaykumu salaam. Mbuzi wamepokea salamu zao na wanauliza mbona hukuwataja kwa majina. Saado ni mzima, mgongo tu unamsumbua. Mwanetu Najib amehamia Wajir mjini na mkewe, duka nimebaki nalo peke yangu. Barua yako ililetwa na mwenye lori la sukari, nikaisoma palepale mlangoni, nikacheka mpaka mteja akaweka unga chini akaenda kwa jirani. Kuhusu simu, Saado anasema aliniuliza koki. Mimi naapa aliniuliza mbuzi.

Lile bomba nililaza mimi na Aabo. Wewe ulikuwa mdogo, kazi yako ilikuwa kuangukia mtaroni na kulia. Unakumbuka tulipotoka Sangailu, Hooyo alivyokataa kulala ndani ya nyumba ya mawe? Alisema ni kaburi lenye madirisha. Akafungua mizigo yake, akasimamisha aqal yake katikati ya ua, fito na mikeka yake yote, juu kabisa ya mtaro tuliokuwa tumetoka kuufukia. Aabo akasema, "Mwanamke, chini hapo kuna bomba." Akamjibu, "Vizuri, maji yatanipitia kitandani." Mchana akijilaza alikuwa anatega sikio sakafuni, akisikia maji yanapita anatabasamu.

Na mfereji wake! Aliuita Hasha, kama ngamia jike. Tukirudi madrasa anauliza, "Hasha amekamwa?" Jua likiwa kali anaufunika kwa shuka kuukuu usiungue. Na madumu ya majirani ndiyo ya kwanza, yetu ya mwisho. Nikiwa hapa dukani nanunua maji ya lori la boza, nayakumbuka yale tu. Maji ya dunia nzima nimeyanywa, ladha yake sijaipata.

Sasa niambie. Kiungo cha uani kiko chini ya aqal palepale. Aqal ya Hooyo iko vipi? Hujaandika hata neno. Mtu yeyote asiiguse. Nikija nataka niikute ilivyokuwa siku zote. Ramadhani ikiisha nitakuja, inshallah.

Kaka yako,
Kerrow


Galbet, Garissa
18 Machi 2025

Abowe,

Ramadhani karim. Mungu apokee funga zenu. Mgongo wa Saado asugue mafuta ya ufuta, na wewe ubebe magunia mwenyewe, usimwachie. Huku kufuturu kumekuwa sherehe. Hamdi anakaanga sambusa, Hani anakuja kuonja chumvi na kubaki mpaka tarawehe.

Fundi Mutinda alirudi. Amesema bomba lote la Aabo limeoza, ukiligonga linamomonyoka kama biskuti. Tukatoa lote kuanzia getini, tukaweka jipya la plastiki, jeusi, linajipinda vizuri. Kutu hakuna tena. Koki nimeihamishia ukutani, mahali hata mgeni ataiona. Mutinda siku hizi nikimwambia neno anasimama kwanza, ananiuliza, "Mama, futa ya kitambaa au vuta ya mikono?" Mtaa mzima umeishika. Wauza majani sokoni wananiita Mama Futa. Mimi mwalimu wa chekechea mzima, heshima yangu imekwenda na maji.

Nilikumbuka Hooyo alivyokuwa anafuturu. Tende moja, maji kikombe kile cha bati, halafu anasema, "Tumeshiba, wengine?" Hata kama wengine ni paka.

Uliniuliza kuhusu uani. Uani ni kukavu sasa.

Njoo Idd. Nimekununulia kikoi, na nisingekununulia kama sina hakika unakuja.

Rukiyo


Tarbaj
14 Aprili 2025

Rukiyo,

Assalamu alaykum. Idd ilinikuta Tarbaj. Saado hajambo, mafuta ya ufuta yamemsaidia. Mvua imeanza, mbuzi wawili wamezaa mapacha.

Kikoi mpe Deeq.

Umeniandikia bomba jeusi, koki ukutani, sambusa, paka. Nimekuuliza kuhusu aqal, ukanijibu uani ni kukavu. Mimi ni kiziwi, Rukiyo, sio kipofu. Barua zako nazisoma na mahali ulipoacha napo nakusoma. Uko hivyo tangu utoto. Ukivunja kitu ulikuwa unakuja kuniambia habari za mvua.

Niambie. Iliangukia upande gani?

Kerrow


Galbet, Garissa
4 Mei 2025

Abowe Kerrow,

Wa alaykumu salaam. Sisi wazima. Kikoi bado kiko kabatini na Deeq hakipati.

Haikuanguka. Niliifungua mimi, kwa mikono yangu.

Maji yalichomoza ndani yake siku ileile. Sakafu ikazama upande wa kitanda, mikeka ya chini ikalowa, ukuta wa nyuma ukaanza kuinama. Mutinda asingeweza kuchimba ikiwa imesimama. Hani akasema tumngoje Kerrow. Nikamwambia Kerrow yuko Tarbaj na maji yako hapa. Tukaanza na mikeka ya juu, mimi na yeye na Hamdi. Kila fundo lilikuwa la mkono wa Hooyo. Moja lilikataa kabisa, Hani akaleta kisu, nikamfukuza nacho. Nililifungua kwa meno. Tulipotoa mkeka wa mwisho, ikatoka ile harufu yake, uvumba wa uunsi na vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa, ikanipita hivi ikaenda. Nikakaa kwenye tope nikalia mbele ya fundi, naye akajifanya anatafuta spana.

Fito ni nzima, nimezifunga pamoja na kuziegemeza ukutani. Mikeka nusu imeoza.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Nilijua unakuja kwa ajili ya aqal, sio kwa ajili yangu. Nikasema ukijua haipo hutakuja tena, nitabaki na nyumba hii na bomba jipya. Basi, nimesema.

Ukiwa na hasira, kasirika. Lakini aqal ni ya wanawake. Mume alikuwa haulizwi iwekwe wapi wala ihame lini, hata Aabo kwa ukali wake wote hakuwahi kuthubutu. Mimi ndiye binti yake na mimi niliamua. Ninachoumia nacho ni kimoja: kuisimamisha tena siwezi. Tulikuwa tunashika ncha za fito tu, Abowe. Akili yote alikuwa nayo yeye, na mimi nilikuwa naona yupo tu, nitamuuliza siku nyingine.

Rukiyo


Tarbaj
26 Mei 2025

Rukiyo abaayo,

Assalamu alaykum. Saado anakukumbatia, amesoma barua yako kabla yangu na macho yalikuwa mekundu alipoileta. Mapacha wa mbuzi wanaruka.

Nilijua. Nilijua kabla sijakuuliza mara ya pili.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani nilileta mbuzi soko la Garissa. Nilipomaliza nikatembea mpaka Galbet, nimebeba tende zenu. Geti lilikuwa wazi. Pale palipokuwa na aqal nikaona kamba ya nguo na magauni ya Hamdi, na fito zimefungwa ukutani. Hamdi alikuwa amenipa mgongo, anasuuza ndoo. Nikageuka. Tende nikampa mlinzi wa ghala barabarani, nikapanda lori jioni ileile.

Mwaka jana niligeukia Modogashe. Walipiga simu pale kwenye maji kusema mmeshamzika, maana maiti haingoji kiziwi wa Tarbaj, nami nikasema sasa niende kufanya nini. Mwaka huu nimegeukia getini. Tangu siku ile ya Modogashe nilikuwa najiambia, muda wote nisipoingia, Hooyo yuko mle ndani ya aqal amekaa anapepeta mtama. Ndiyo sababu nilikuwa nakuuliza, nikitaka uniambie uongo. Ulikataa hata kunidanganya vizuri. Kisha nikakuandikia kwa ukali, na wewe ndiye uliyelia kwenye tope. Nisamehe, abaayo.

Kuhusu kuisimamisha. Unasema tulikuwa tunashika ncha tu. Kweli, lakini wewe ulikuwa nyuma na mimi nilikuwa mbele, upande wa mlango. Niliona anaanza na fito ipi. Wewe uliona anamalizia na ipi. Nitakuja Idd ya kuchinja. Nitaweka kiti uani, nitakaa, nitawaelekeza. Mwanaume kuelekeza aqal! Galbet wacheke, mimi sitawasikia.

Kerrow


Galbet, Garissa
22 Juni 2025

Abowe wangu Kerrow,

Assalamu alaykum. Natumai ulifika salama na Saado amekipenda kikoi, maana nimesikia kwa mwenye basi kwamba ulikivaa njia nzima. Hamdi anakusalimu. Hani anasema umeacha miwani yako kwake. Itakuja na barua hii.

Siku ile watu walisema mengi na wewe hukuyasikia. Uliniuliza kwa macho, nikakupungia mkono, baadaye. Hii ndiyo baadaye.

Tulipokuwa tunapinda fito na wewe kwenye kiti unapiga kelele, "Hiyo hapana, ile nene!", Deeq alisema Kerrow amegeuka mama wa Kisomali. Ulicheka naye ukidhani anaisifu aqal. Mutinda alikuwa ameleta kamba, akatuuliza tunataka aivute au aifute. Hani alimrushia kandambili.

Ikatoka fupi, tunajua wote. Fito za mbele zako, za nyuma zangu, katikati hakuna aliyekumbuka. Ukaingia kwa magoti, sisi nje tunafunga mkeka wa mwisho. Kisha ukasema mle ndani, kwa ile sauti yako isiyojua ukubwa wake, "Rukiyo, Hooyo amekufa."

Hani, aliyemwosha Hooyo pamoja nami, ndiye aliyejibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," taratibu, kama mtu aliyepata habari sasa hivi. Mwanamke wa pili akajibu ng'ambo ya ukuta. Wanaume walikuwa wanatoka swala ya alasiri, wakasikia kuna msiba kwetu, wakaja. Getini wakauliza nani amefariki. Deeq akawaambia, "Mama yake Kerrow." Nilikuwa nangoja mmoja wao aseme huyo si tulimzika mwaka jana. Hakuna aliyesema, Abowe. Walivua viatu, wakapanga mstari.

Mzee Hirsi, aliyekushika mkono akakawia kuuachia, alisema, "Alinijazia dumu kabla hajajua jina langu." Wale vijana wawili ulioniuliza ni wa nani ni wajukuu wa Ogle mchinjaji, walisema babu yao alimwita dada. Mabibi waliosimama mbali na kuinamisha vichwa walisema wote neno moja, Ilaahay samir iyo iimaan ha kaa siiyo, Mungu akupe subira na imani. Mutinda alivua kofia, akasema, "Pole sana, Kerrow," akakupangusa vumbi begani. Na imamu alipoomba dua, alimtaja Hooyo kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, halafu akakutaja wewe, mwanawe mkubwa, aliyefika.

Hapo ndipo ulipolia, na nadhani hilo moja ulilisikia.

Watu waliendelea kuja mpaka magharibi. Chai haikutosha, nikafungua mfereji nikaongeza maji.

Dada yako,
Rukiyo